Fimbo za Ukutani na Mwiko Mmoja

Fimbo yangu ilikuwa ya mpera. Baba aliikata mwenyewe nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa reli, akaimenya ganda, akaipitisha juu ya moto ili inyooke, kisha akaipaka mafuta ya mawese mpaka ikang'aa. Alikaa nayo kibarazani jioni nzima. Hajawahi kunitengenezea kitu kingine chochote kwa upendo wa namna ile. Kesho yake akanipa niibebe mwenyewe, pamoja na ndoo, jembe na godoro la majani makavu, tukaenda shuleni.

Usishangae. Katika shule ile ndogo ya Kindu kila mtoto alikuja na fimbo yake, iliyokatwa na baba yake: sisi wa internati tuliolala pale, na wale wa kutwa waliotoka nyumbani asubuhi. Mwenye shule, ambaye sote tulimwita Prefe, alizipanga fimbo hizo ukutani mwa ofisi yake juu ya misumari, na kila moja aliichoma jina la mtoto kwa chuma cha moto. Ukiitwa ofisini, uliishusha fimbo yako mwenyewe, ukampa kwa mikono miwili, na akimaliza ulisema "asante, sitwayeni Prefe", yaani raia Prefe, kama serikali ilivyotaka tuitane, ukairudisha mahali pake. Kama huwezi tena kusimama uliirudisha ukitambaa. Mimi nimetambaa mara nyingi.

Alikuwa mtu wa Katanga, mnene, mwenye koti la abakosti la kijivu lililofungwa vifungo mpaka kooni hata jua likichoma, na beji ya chama kifuani. Zamani alifundisha kwa mapadri, wakagombana, akachukua bohari la mchele lililoachwa karibu na reli na kuligawanya kwa mbao: huku madarasa, kule dortuari, bweni la wavulana, mwisho kabisa letu sisi wasichana, ambako panya walikuwa bado wanatafuta mchele wa zamani. Watu walisema ni mtu wa haki. Na kweli alikuwa mtu wa haki, huo njo ulikuwa ubaya wake.

Siku ya kuandikisha watoto alisimama juu ya ngazi mbele ya wazazi, akafungua mikono.

"Mimi sina fimbo," akasema. "Mutafute mu nyumba yangu yote, hamutaiona. Mutoto yako nitamupiga na fimbo yako, weye mwenyewe wenye ulikata. Siku moja nikimugusa na kitu ingine, mukuje kuchukua watoto yenu wote, na mimi nitafunga masomo. Mungu anisikie."

Wazazi wakapiga makofi. Baba yangu, fundi wa mashine za treni aliyeletwa na reli kutoka Kasai, aliyapenda maneno yale kuliko mahubiri ya padri. Alirudi nyumbani akitembea kama aliyepandishwa cheo. Tena fimbo laini haikukubaliwa. Prefe alizipima zote kwa kuzigonga juu ya meza yake, na mzazi mmoja aliyeleta kijiti cha mpapai alichekwa mpaka akaenda kukata kingine.

Nyumba yetu ilikuwa ng'ambo ya reli tu. Nikiwa dortuari nilimsikia mama akitwanga sombe, majani ya muhogo, na nilijua mlio wa kinu chake kati ya vinu vyote vya mtaa. Haikuwa na maana yoyote mimi kulala internati, ila baba alisema nina moto mwingi, nipelekwe mahali pa kunipunguza. Alikuwa na haki. Nilikuwa mkorofi, sikatai. Nilipigana na wasichana, na wavulana, na siku moja na mbwa. Lakini ebu niambie, moto unapunguzwaje kwa kumchochea mtu kila siku kwa mti wa mpera?

Maana pale kila mtu alimpiga mtu. Prefe alitupiga kwa kuchelewa kupanga mstari mbele ya bendera, kwa kuimba nyimbo za chama na midomo iliyofungwa, kwa sahani chafu, kwa kucheka. Wakubwa wakawapiga wadogo. Watoto wa kutwa walikuja asubuhi na mikate ya kukaanga ndani ya majani, wakaila mbele yetu sisi tulioshiba maji ya maharagi, nasi tukawangoja kwenye bomba. Pale kwenye bomba niliona meno yakianguka. Niliona mtoto akishikwa kichwa na kugongwa kwenye saruji kwa sababu ya kipande cha mkate kisichozidi kidole, na wengine, mimi nikiwemo, tukisimama kuangalia nani ataokota kipande kile. Usiku dortuari nzima ililala kifudifudi. Mgeni angefikiri tunasali.

Msichana wa Obokote, kijiji cha mbali msituni, alikuja mwanzo wa mwaka wa pili, wakati wa mvua. Yeye na mama yake walipanda lori lililobeba mawe ya bati mpaka ng'ambo ya mto, kule Alunguli, wakavuka Lualaba kwa mtumbwi, wakafika wamelowa na matope mpaka magotini. Msichana alikuwa mrefu, mweusi sana, kimya. Mama yake alikuwa mdogo wa mwili, amejifunga kikwembe kilichopauka, na ndani ya mzigo wake kulitokeza mpini mweusi wa kitu ambacho hatukukitambua mara moja.

Sisi wengine tulikuwa tunafagia mbele ya ofisi, tuliona na kusikia yote.

"Fimbo, mama," Prefe akasema.

Yule mama akafungua mzigo, akatoa mwiko. Mwiko mkubwa wa kusongea bugali ya watu wengi, mweusi kwa moshi na mafuta, ncha yake imelika upande mmoja kwa kugusa vyungu miaka mingi.

Tukaanguka kicheko. Mtu wa porini, tukasema, maskini, aliambiwa alete fimbo akaleta mwiko!

"Hii ni mwiko, mama," Prefe akasema polepole, kama anayesema na mtoto.

"Ndiyo, Prefe. Njo hii napigaka naye." Alisema bila haya, macho chini. "Baba yake alikufa. Fimbo ya baba haiko. Iko mwiko ya mama."

Akaugonga mwenyewe juu ya meza. Mti ule ulilia kwa sauti ngumu kuliko mpera wa baba yangu.

Wazazi wengine walikuwepo, wanasikiliza. Prefe angesema nini? Sheria yake ilikuwa fimbo ya nyumbani, ya mti mgumu, na hii ilikuwa ya nyumbani, ya mti mgumu. Angemfukuza mjane mbele ya watu kwa sababu gani? Na sababu yenyewe kila mtu aliijua, ila mwanaume hawezi kuitamka. Kwetu mwanaume hashiki mwiko wa mama wa mtu kumpigia mtoto wake, maana anajiitia laana ya yule mama. Na mwanaume akipigwa na mwiko, basi, nguvu zake za kiume zimekwisha, hatapata tena mtoto, wanawake watamcheka. Unaweza kuwa na diploma, unaweza kusema Kifaransa cha mapadri, mwiko bado ni mwiko. Prefe alitoa kitambaa mfukoni, akaupokea kwa kitambaa, akaenda kuutundika mwisho kabisa wa ukuta, mbali na fimbo nyingine. Jina hakulichoma.

Siku chache baadaye yule msichana alichelewa mstari. Prefe alimwita ofisini. Sisi tukajibana dirishani kuona. Msichana akashusha mwiko, akampa kwa mikono miwili kama ilivyotakiwa. Prefe akanyoosha mkono. Mkono ukasimama hewani. Nakumbuka jasho kwenye mdomo wake wa juu. Mwishowe akasema, "Rudisha. Nenda kupiga magoti juu ya kokoto mpaka jioni." Msichana akaenda, akapiga magoti, na sisi tukabaki tunatazamana. Kumbe kulikuwa na mtu mmoja katika shule ile ambaye hawezi kupigwa!

Tukamchukia sana. Sijui kama utanielewa. Nilipoona mgongo wake usio na alama wakati wa kuoga, nilitamani kuuchora kwa kucha zangu. Mimi nilikuwa kapita, kiranja wa dortuari ya wasichana, nilichaguliwa kwa sababu ya ngumi zangu, na nikaona ni kazi yangu kumfundisha adabu ambayo Prefe ameshindwa. Nikamngoja mtoni, mahali pa kufulia, nikampiga kofi la sikio. Sikumaliza. Yule msichana alinishika nywele, akaniangusha majini, akakaa juu ya mgongo wangu na kunikandamiza uso kwenye mchanga mpaka nikaona nyota. Aliponiachia nilitapika maji ya Lualaba na damu ya pua. Haki ya Mungu, alinipiga vizuri. Baada ya hapo tungefanya nini tena? Tukawa marafiki.

Njo pale mtoni, tukikausha nguo juu ya mawe, aliponieleza. Mama yake hakukosea kuleta mwiko. Kabla yake kulikuwa na kaka yake, mtoto wa kwanza, aliyepelekwa kusoma Punia. Mwalimu alimpiga kwa fimbo iliyokatwa na baba yao mwenyewe, kwa sababu ya kosa ambalo hata hawakuambiwa. Walimrudisha juu ya machela, anakojoa damu. Akafa kabla ya mwezi kuisha. Baba alikata ile fimbo, ndiyo, na baba naye alikufa mwaka uleule, hakuwa na ugonjwa wa kujulikana, aliacha tu kula. Mama aliposikia habari za Prefe wa Kindu na ukuta wake wa fimbo, aliwauliza wenye lori jambo moja: huyo Prefe ni mtu wa wapi, na kwao wanaogopa nini?

"Usimwambie muntu," akaniomba, akanishika mkono kwa nguvu. "Akijua mama alimudanganya, atatafuta fimbo ya kweli. Na mimi nikipigwa, mama anakufa. Si mimi. Njo mama anakufa."

Sikumwambia mtu. Lakini siri hailali peke yake katika dortuari yenye njaa. Si ile ya mwiko, hapana, ile tuliificha. Ila wasichana waligundua faida ya kuwa na mtu asiyeweza kupigwa. Sukari ya Prefe ikipungua, msichana wa Obokote alisema "ni mimi". Kioo kikivunjika, "ni mimi". Alisema kwa ajili ya wadogo, halafu kwa ajili ya yeyote. Prefe akawa anamtazama kama mtu anayetazama mwiba uliozama mguuni. Alimnyima chakula, akamng'olesha visiki, akamlaza nje kwenye baraza la mbu. Na kwa sababu hasira lazima itoke mahali fulani, alitupiga sisi maradufu. Alivunja fimbo ya mgunga juu ya mgongo wa mvulana wa kutwa, vipande vikaruka mpaka kwenye ubao. Baba wa yule mvulana akaleta nyingine kesho yake, akaomba radhi kwa kuwa ile ya kwanza haikuwa imara. Loo, wazazi wetu!

Halafu ikaja habari ya bendera.

Wiki ile zamu ya bendera ilikuwa yetu, mimi na yeye. Ilitakiwa ishushwe kabla ya mvua na ikunjwe bila kugusa ardhi. Mchana wa siku ile tulikuwa mtoni tunafua. Upepo ulikuja ghafula kutoka ng'ambo, ukakata kamba iliyooza, na tulipofika tukikimbia, bendera ya kijani yenye mkono na mwenge ilikuwa kwenye matope, na mbuzi wa jirani ameshatafuna pembe yake. Hatukuwa peke yetu tuliomwona mbuzi. Mtu wa chama wa mtaa wetu alikuwa amejikinga mvua chini ya paa letu.

Ninyi mliozaliwa baadaye mtacheka. Sisi hatukucheka. Wakati ule watu walipotea kwa makosa madogo kuliko pembe ya bendera.

"Prefe," yule mtu akasema kwa upole, "siku ya salongo nitakuja. Nataka kuona na macho yangu muntu wenye alifanya hivi anapigwa mbele ya watoto wote. Kama hapana, njo weye utaenda kueleza kule."

Hakusema kule wapi. Abakosti ya Prefe ililowa kwapani.

"Nani?" akatugeukia.

"Ni sisi wa..." nikaanza. Msichana wa Obokote akanikanyaga mguu kwa kisigino mpaka sauti ikakatika.

"Ni mimi," akasema. "Peke yangu. Huyu alikuwa mtoni."

Alidhani ni kama siku zote. Mimi pia nilidhani hivyo, na nilimshukuru moyoni, maana ngozi yangu ilikuwa bado haijapona ya wiki iliyopita. Lakini safari hii Prefe alikuwa na mtu nyuma yake wa kuogopwa kuliko laana. Siku zile mpaka salongo ikafika alitembea uani akiongea peke yake. Tulimwona anaingia ofisini, anasimama mbele ya mwiko, anatoka. Rafiki yangu aliacha kula.

Salongo ilikuwa kazi ya mikono ya wote. Asubuhi ile tulilima nyasi kando ya reli, kisha tukapangwa uani na majembe yetu miguuni. Mtu wa chama aliletewa kiti kizuri cha ofisi. Benchi liliwekwa katikati. Prefe akatoka, na nikaona anatabasamu, na tabasamu lile liliniogopesha kuliko fimbo zote za ukutani. Alikuwa amepata njia.

"Kapita wa wasichana!" akaita. "Enda kuleta ile kitu."

Nikaenda kuutoa mwiko msumarini. Ulikuwa mzito, unanuka moshi na mawese, unanuka jikoni kwa mtu. Niliporudi nao, wavulana wote waliokuwa mstari wa mbele walirudi hatua nyuma.

"Mimi nilisema nitapiga na fimbo ya nyumbani," Prefe akatangaza kwa sauti ya mahubiri. "Fimbo ya nyumbani njo hii. Na mukono wa kuishika ni wa mwanamuke. Sheria yangu haikuvunjika. Kapita, piga. Na nguvu. Mpaka niseme basi."

Msichana wa Obokote alilala juu ya benchi mwenyewe, hakuna aliyemsukuma. Huyu aliyenizamisha majini kama paka! Miguu yake ilikuwa inatetemeka hivi kwamba benchi lote liligonga ardhi, tak tak tak. Akageuza uso kidogo upande wangu.

"Piga tu," akaninong'oneza. "Lakini usinipige figo. Kaka walimupiga figo."

Wanaosema hasira ni giza wananidanganya. Mimi niliona kila kitu wazi kabisa. Niliona kiwiko cha Prefe, kifungo kilicholegea shingoni, mate kwenye pembe ya mdomo wake. Alisogea karibu ili ahesabu. Aliniinamia, akanisemea sikioni kwa hasira, "Unangoja nini, weye?"

Nikageuka, nikampiga yeye.

Nilimpiga begani, karibu na shingo, kwa mikono yote miwili, kama vile mama zetu wanavyousukuma mwiko ndani ya bugali iliyokauka. Mti ulilia. Nikampiga tena, mkononi aliouinua kujikinga, na mara ya tatu kichwani, na kofia yake ikaruka. Hakupiga kelele za maumivu. Alipiga kelele za mtu aliyemwagiwa maji ya moto. "Mwiko! Amenipiga na mwiko! Yee mama, amenipiga na mwiko!" Akaanguka magotini, akajishika pale mwanaume anapojishika, mbele ya shule nzima. Mtu wa chama alikwisharuka, amebeba kiti chake mbele kama ngao, anarudi kinyumenyume mpaka ukutani, anasema, "Weka chini, mwanangu, weka chini, mimi hapana!"

Mtu mmoja kati ya wavulana akacheka. Halafu shule yote ikacheka. Sijawahi kusikia kicheko kibaya vile. Kilikuwa na kila fimbo ndani yake.

Njo pale Prefe aliposahau Mungu wake na sheria yake. Aliokota jembe la kwanza aliloliona, akaling'oa mpini kwa kuligonga chini, akanirukia. Alinipiga mgongo, akanipiga miguu, nilipoinua mkono wa kushoto kuficha uso akaupiga huo, na nilisikia mfupa kabla ya kuhisi maumivu. Ulitoa sauti ya kuni kavu. Nilianguka kwenye matope na yeye akaendelea, akilia kwa sauti, machozi na kamasi, "Umeniua, mutoto weye, umeniua." Msichana wa Obokote alikwisharuka kutoka kwenye benchi, akamng'ata kifundo cha mkono, hakuachia hata alipopigwa ngumi, mpaka walimu wawili wakawatenganisha. Alikuwa na damu mdomoni na haikuwa yake.

Watu walikimbia kumwita baba karakana ya reli. Alikuja na grisi mikononi, akapita katikati ya watoto, akasimama juu yangu. Mkono wangu ulikuwa umekunjika mahali pasipo na kiungo. Nilimtazama. Nilingoja.

Baba akauliza, "Na fimbo gani?"

Akauliza tena, kwa sauti ya juu, anawatazama walimu: "Nauliza, alimupiga na fimbo gani?"

Mmoja akaonyesha mpini wa jembe kwenye matope. Baba akaingia ofisini, akatoka na mpera wake. Nilifikiri anakwenda kumpiga Prefe, na namwomba Mungu anisamehe, nilifurahi. Lakini alisimama tu mbele yake.

"Ulisema mbele yetu," baba akasema. "Ulisema na Mungu anisikie."

"Alinipiga na mwiko, ndugu," Prefe akalia, bado amekaa chini. "Na mwiko!"

"Na mimi fimbo yangu ilikuwa pale ukutani."

Hilo ndilo lililomuuma baba. Si mfupa wangu, bali ukuta. Tulivuka reli kurudi nyumbani, mimi nikiushika mkono wangu kwa mkono mwingine kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, yeye mbele na fimbo yake, na njia nzima hakugeuka. Nilimchukia. Naandika hivyo na sifuti. Nilimchukia kuliko nilivyomchukia Prefe.

Habari ya bendera ilikufa siku ileile. Mtu wa chama alikuwa na habari tamu zaidi ya kupeleka, akaitembeza Kindu nzima, Kasuku mpaka Mikelenge, na vijana wakaanza kumsalimu Prefe barabarani kwa kusonga bugali hewani. Wazazi wakaja mmoja mmoja kudai fimbo zao. Wengine walikuja kwa sababu ya kiapo kilichovunjika, na wengine kwa sababu hakuna baba anayemwacha mwanawe chini ya mwanaume aliyepigwa na mwiko. Walizishusha, wakaondoka nazo pamoja na watoto. Ukutani ikabaki misumari. Prefe alipanda treni ya kwenda Kongolo bila kuaga mtu.

Mama mmoja wa ng'ambo ajuaye kuunga mifupa alinifunga vijiti vya mianzi. Rafiki yangu alikaa kwetu. Mwiko tulikuwa nao, kwa sababu ulibaki uani kwenye matope na hakuna mwanaume aliyekubali kuuokota, akauokota yeye. Nyumbani baba hakukaribia pembe ulipowekwa. Fimbo yake ya mpera ilirudi kibarazani, imeegemea ukuta, na kila asubuhi niliiona.

Mama wa Obokote alifika na lori lingine, habari zilimkuta njiani. Alimshika mwanawe, akamgeuza, akampandisha blauzi pale pale mlangoni, akaukagua mgongo wote kwa kiganja, polepole, kama anayetafuta kitu alichokipoteza. Hakuona alama. Kisha akaja kwangu. Akagusa vijiti vya mianzi kwa ncha ya kidole.

"Yule wangu wa kwanza," akasema, "hakukuwa na muntu wa kushika mwiko."

Akakaa chini kwenye mkeka akalia, na mama yangu akakaa naye, wakalia pamoja, mimi na rafiki yangu tukiwatazama bila kujua pa kuweka macho.

Walipomaliza kulia walipika. Yeye aliosha mwiko wake kwa majivu na maji ya moto, akaweka chungu. Kuni zilikuwa zimelowa kwa sababu ya mvua, moto ukawa unafuka moshi tu. Mama yangu akatazama huku na huku. Akaenda kibarazani, akachukua mpera wa baba uliokauka na kulowa mafuta, akauingiza mzima chini ya chungu. Ukashika moto mara moja. Mama wa Obokote akaanza kusonga.

Baba alirudi kutoka kazini wakati ule. Alisimama uani akaona kinachowaka. Aliona na mwiko unaozunguka juu yake. Mama hakumgeukia. Nikajua sasa patachimbika, nikajikaza.

Alivuta kigoda, akaja kukaa, si mahali pake pa siku zote, bali karibu yangu, upande wa mkono uliofungwa. Bugali ikapakuliwa. Nilipojaribu kumega kwa mkono mmoja na sahani ikateleza, aliishika isianguke, akamega yeye, akachovya kwenye sombe, akaninyooshea tonge. Vidole vyake vilikuwa na grisi kwenye kucha.

"Inauma?" akauliza.

"Inauma, papa," nikasema.